Watoto Wote Nyumbani, na Sufuria Iko Motoni

Kama una kalamu, iweke karibu, maana kuna mambo mawili matatu ya kuandika. Kama mikono yako iko kwenye karai, endelea kufua, wewe sikiliza tu.

Leo tunazungumza juu ya nyumba yenye watoto wengi ambao hawaendi popote, wako nyumbani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Huenda ni likizo ya Novemba na Desemba. Huenda umeamua kuwafundisha wewe mwenyewe nyumbani, kama zifanyavyo familia kadhaa siku hizi. Na hata asiyeamua, maisha hayo aliyaonja mwaka wa 2020. Mtakumbuka shule zilifungwa katikati ya mwezi wa Machi. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, wengine wakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Zaidi ya miezi tisa! Nyumba ikawa darasa, jikoni na uwanja wa mpira kwa wakati mmoja, na mama akawa mwalimu mkuu bila mshahara.

Mwaka huo nilitembelea boma moja kwenye miteremko ya vilima vya Iveti. Mama alikuwa na watoto saba. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka 13, na mdogo alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Baba alikuwa akifanya kazi mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Nyanya yao aliishi hapo hapo. Sikwenda kuhesabu watoto wa mtu, jambo hilo ni la wenyewe. Nilikwenda kwa sababu mtoto wa sita, mvulana wa miaka mitatu, alikuwa ameungua.

Niwaambie ukweli, boma lile lilikuwa na mpangilio kuliko langu. Mama aliamka saa kumi na moja na nusu, akawasha kuni, akapika uji. Wavulana wawili waliondoka na punda kuteka maji. Vipindi vya masomo vya redio vilipoanza, wakubwa walikaa kwenye meza moja na redio moja, kila mtu na daftari lake. Wadogo walikuwa chini ya mwembe na nyanya, wakihesabu kwa mbegu za maharagwe. Mwalimu yeyote angefurahi.

Hatari ilikuja saa tano. Maji yalikuwa yamekwisha, mama akaenda mwenyewe mtoni. Nyanya alikuwa ameingia ndani kujilaza, miguu ilikuwa inamuuma. Muthokoi ulikuwa ukitokota kwenye mafiga matatu. Yule mvulana alikuwa anamfukuza kifaranga, akajikwaa kwenye kuni iliyochomoza nje ya mafiga, sufuria ikalala upande. Aliungua mkono wa kushoto na sehemu ya kifua.

Nilipofika siku ya pili, yule msichana mkubwa hakutoka kunisalimu. Alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amechapwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeachiwa watoto.

Nilimwuliza mama, "Mwaitu, saa tano ile huyu msichana alikuwa na kazi ngapi?" Tukazihesabu kwa vidole. Alikuwa amembeba yule mdogo mgongoni. Alikuwa anachochea moto. Alikuwa anamsikiliza ndugu yake akisoma Kiingereza. Na alikuwa anawaangalia wengine watatu wasipotee. Kazi nne kwa mtoto wa miaka 13. Nikamwambia, mimi niliyesomea uuguzi, hospitalini sipewi kazi nne kwa mpigo namna hiyo, na nikipewa, moja itaniponyoka. Mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akamwita msichana aje ale.

Jambo ninalotaka ulibebe leo ni hili: kumwangalia mtoto mdogo ni kazi kamili. Si kazi unayofanya huku unapika. Katika boma lile tulianzisha zamu ya macho. Anayekuwa zamu hapiki, haoshi vyombo, hasomi, hachezi na simu. Anawaangalia wadogo tu, na kila baada ya nusu saa mwingine anampokea. Wavulana wanaingia zamu kama wasichana. Mtoto wa miaka tisa anaweza kushika zamu wakati mtu mzima yuko nyumbani, lakini usimwachie boma zima. Wakati wa kupika, zamu ishikwe na aliye mkubwa kuliko wote waliopo, hata kama itabidi masomo yangoje. Hesabu haitaharibika kwa kungoja nusu saa.

Jambo la pili lilikuwa kubadilisha saa. Muthokoi na maharagwe ukiyaloweka usiku, yanaiva kwa kuni chache na muda mfupi zaidi. Yale ya kuchemka kwa saa nyingi yapikwe alfajiri wadogo wakiwa bado wamelala, kisha mchana upashe tu moto. Kuni zikatwe fupi, zisichomoze. Tulipanga mawe kuzunguka mafiga, hatua tatu kila upande, na nyanya akawafundisha wadogo kwamba ndani ya mawe hapaingiwi. Si ukuta, lakini mtoto anajua mpaka, na anayeshika zamu anaujua pia.

Sasa shika kalamu. Mtoto akiungua, toa nguo iliyoloa maji ya moto, isipokuwa ile iliyoshikamana na ngozi. Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Najua unasema, dakika 20, na hapa kwetu maji tunayanunua? Weka beseni safi chini, mimina polepole kwa kikombe, yanayoanguka yachote uyamimine tena. Kisha funika kwa kitambaa safi, umfunike mtoto mwili asishikwe na baridi, umpeleke kituo cha afya. Yule mvulana alipakwa dawa ya meno na unga wa ngano. Walifanya kwa upendo, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa, lakini zahanatini ilibidi vitu hivyo vioshwe kwanza, na mtoto akalia mara ya pili. Usipake dawa ya meno, wala unga, wala yai, wala mafuta ya kupikia. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyeungua apelekwe hata kama malengelenge ni madogo.

Tuzungumze kidogo juu ya maji. Punda wao alileta mitungi minne ya lita 20 kwa safari moja. Hiyo ni lita 80 kwa watu tisa, haifiki lita tisa kwa kila mtu kwa kupika, kunywa, kuosha na kufua, na punda naye anadai zake. Watoto wakiwa nyumbani kutwa, choo kinatumika zaidi, na mikono inachafuka zaidi. Tundika kibuyu chirizi karibu na choo na kingine karibu na jikoni. Ni kijerikeni cha lita tatu au tano chenye tundu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kando. Maji kidogo yanaosha mikono ya wengi, na mtoto hachovyi kikombe kichafu kwenye mtungi. Waachie watoto wenyewe wakitengeneze. Hilo nalo ni somo, na watakilinda kwa kuwa ni chao.

Hapa nikiri langu. Kwangu nilikuwa na mafuta taa kwenye chupa ya soda, nyuma ya mlango. Mimi, muuguzi mzima, ninayewaambia wengine wasifanye hivyo. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Nilirudi kazini jioni nikamkuta ameshika chupa na kifuniko kiko chini. Hakuwa amekunywa, alikuwa ananusa. Nilikaa sakafuni, miguu haikunibeba. Mafuta taa yakae kwenye chombo chake, juu, mahali pasipofikiwa hata kwa kupanda kiti. Na mtoto akiyanywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa. Anapotapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Mkimbize hospitalini hata kama anaonekana mzima, na ubebe ile chupa.

Kuna kitu kingine ambacho familia za kusomea nyumbani husahau, tena zile zilizo makini kabisa. Kuna huduma ambazo humfuata mtoto shuleni. Wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba, watoto wengi wa chekechea hupewa vitamini A na dawa ya minyoo pale pale darasani. Wasichana wa miaka 10 hadi 14 hupata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka wa 2019, na mara nyingi hutolewa shuleni. Mtoto wako asipokuwa darasani, hakuna atakayemwita. Basi wewe ndiye utakayempeleka kituo cha afya, au umwulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Toa vile vijitabu vya kliniki sandukuni, vipange mezani, uangalie nani amekosa nini. Surua na rubela ni miezi tisa na miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo mama mwenye watoto wengi huisahau, kwa sababu tayari ana mwingine mgongoni.

Na chakula. Katika nyumba ya watoto saba wanaokula kwenye sinia moja, wa miaka 12 anashiba na wa miaka miwili anaambulia mkono wa mwisho. Kila mdogo awe na sahani yake, hata kama ni kifuniko cha sufuria. Ndengu, kunde, mbaazi, parachichi, embe wakati wake, vyote viko hapa kwetu.

Wewe nawe, mama? Yule mama wa Iveti nilimwuliza amelala saa ngapi. Akacheka. Alikuwa analala saa sita na kuamka saa kumi na moja, huku ananyonyesha. Tulikubaliana kwamba baada ya chakula cha mchana, kwa saa nzima, boma lote linanyamaza. Wadogo walale, wakubwa wasome kimya, naye alale. Nyanya ndiye aliyeshika zamu hiyo, na alisema ndiyo saa anayoipenda. Mama aliyechoka hivyo hasikii sufuria ikianguka. Na ukijiona unalia bila sababu, au huna hamu ya kuamka, usiseme ni uvivu. Njoo tuzungumze.

Msichana yule mkubwa alirudi shuleni Januari 2021. Mkono wa ndugu yake ulipona, kovu likabaki kwenye kiwiko.

Kabla sijaondoka, kuna mama wa Masii aliyetuandikia. Anauliza, wakati wa baridi ya Julai yeye huwalaza watoto watano chumba kimoja na kuwawekea jiko la makaa lipashe moto, akifunga dirisha. Je, ni vibaya?

Mwaitu, ni vibaya sana. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watoto hawatakohoa, hawatakuamsha, watalala tu wasiamke. Tena umesema nawe hulala humo, kwa hiyo hakuna atakayebaki wa kupiga kelele. Jiko likae nje kabla mtoto yeyote hajalala, hata kama yamebaki majivu mekundu. Walaze watoto pamoja, wavae soksi na sweta, weka magunia au kadibodi chini ya godoro, na uache tundu la hewa. Ukiamka usiku una kichwa kizito na kichefuchefu na jiko limo ndani, fungua mlango, watoe watoto wote nje kwanza, kisha uite majirani na mwende hospitalini.

Kwaherini. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara.