Mche Haulelewi Gizani



Zuzu, kama sehemu nyingine za Dodoma, ina msimu mmoja tu wa mvua, uanzao yapata Desemba na kukoma Aprili. Kwa kawaida mvua hiyo ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Mche unaopandwa hapa una miezi michache ya kushusha mizizi kabla kiangazi hakijaujaribu. Kwa hiyo uhai wa mti huamuliwa kitaluni, si siku ya sherehe ya kupanda.

Juhudi hizi si ngeni. Mwaka 1973, mwaka ule ule ilipoamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ili kupambana na mmomonyoko wa ardhi. Desemba 2017 ikazinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Lakini kampeni haimwagilii mche. Humwagiliwa na mtu anayejua ulezi wake.

Kosa la anayeanza mara nyingi ni kosa la huruma. Kwa kuogopa jua na mbuzi, huifungia miche chumbani. Baada ya siku chache miche hurefuka, naye akafurahi akidhani imestawi. Kumbe inatafuta mwanga tu: shina ni jembamba na majani yamepauka. Akizidisha maji, huingia kinyausi. Shina likaoza usawa wa udongo, na mche ukalala.

Ulezi ulio bora hauhitaji fedha nyingi. Mbegu ya mwarobaini isiwekwe ghalani muda mrefu, kwani hupoteza uhai upesi. Ioteshwe ingali mpya. Mbegu ya mjohoro, yenye ganda gumu, ilowekwe kwanza katika maji ya moto. Viriba vijazwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga, navyo vitobolewe chini ili maji yasituame. Kivuli kiwe cha kichanja cha nyasi kilicho wazi pembeni, na boma la miiba lizuie mbuzi. Mizizi inayotoboa kiriba ikatwe.

Majuma machache kabla ya mvua, nyasi za kichanja zipunguzwe kidogo kidogo, na maji vivyo hivyo, mpaka mche uzoee jua kamili. Mche uliodekezwa hadi siku ya kupandwa hufa haraka shambani.

Shule na ofisi hupenda kutoa taarifa ya idadi ya miti iliyopandwa. Hesabu hiyo ni ya jasho, si ya miti. Hesabu ya kweli ifanywe mwezi Novemba unaofuata, kiangazi kinapomalizika, na mwalimu aifanye pamoja na wanafunzi wake, mti kwa mti. Hapo ndipo itakapojulikana ni nani aliyelea na ni nani aliyefukia tu.