Video, Mkono na Pumzi ya Mtoto

Mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa kimo: ulimi wake ni mkubwa kwa kadiri ya kinywa chake, zoloto lake limepanda juu shingoni, na akiba yake ya oksijeni ni haba, hata ikawa daktari anayemtia mrija wa kupumulia hana wasaa wa kubahatisha. Kwa muda mrefu ilimu ya kutia mrija huo ilikuwa na taabu moja dhahiri, kwamba aliyeshika laringoskopu, chombo cha kutazamia zoloto, ndiye peke yake aliyeziona nyuzi za sauti, ilhali mwanafunzi aliyesimama kando aliambulia kuuona mgongo wa mwalimu. Video imeiondoa hijabu hiyo. Humo mwanafunzi huiona ncha ya mrija, ambao kwa mtoto wa miaka 4 hukadiriwa kuwa wa milimita 5, ikipita baina ya nyuzi, naye huirudia hata imkae akilini. Lakini jicho haliupi mkono ustadi. Baada ya kutazama, sharti ajizoeze juu ya sanamu ya mafunzo, kisha asimamiwe na mjuzi mbele ya mgonjwa. Basi, enyi wasimamizi wa vyuo vya tiba, wekeni video na sanamu pamoja, na mwalimu asiondoke.