NCHI ZA JIRANI: GHALA LA MBEGU NI NGOME YA TAIFA

Mji wa Wad Medani nchini Sudan ulipotekwa vitani mwezi wa Desemba mwaka 2023, hazikuporwa nyumba na maduka ya raia peke yake. Liliporwa pia ghala ambalo halikuwa na silaha wala fedha. Hilo lilikuwa benki ya mbegu ya taifa, iliyohifadhi mtama na mazao mengine yaliyokusanywa kwa miaka mingi kutoka kwa wakulima wa nchi hiyo.

Hasara ya namna hiyo si ya Sudan pekee. Mabaki ya kale yaliyofukuliwa mashariki ya Sudan yanaonyesha kwamba mtama ulilimwa huko yapata miaka 5,000 iliyopita. Tangu enzi hizo, wakulima wa Sudan na Ethiopia wamekuwa wakichagua masuke ya kupanda msimu ujao, kila mmoja kwa mahitaji ya ardhi yake. Matunda ya kazi hiyo ni maelfu ya aina za mtama, na kila aina ina tabia yake.

Mtaalamu wa mbegu hutegemea urithi huo, kwani kazi yake kubwa ni kuunganisha tabia njema zilizokwisha kuwako. Upo mtama wa Ethiopia ambao majani yake hubaki mabichi hata mvua inapokatika punje zikijaa. Tabia hiyo imetumiwa kuboresha mtama hadi Marekani na Australia.

Mfano mwingine ni vita dhidi ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Mbegu zake zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10, zikingoja kemikali itokayo katika mizizi ya mtama ndipo ziamke. Dakta Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, ambaye kazi yake nchini Sudan ilileta mtama chotara wa Hageen Dura-1 mwaka 1983, alishirikiana na wenzake kutafuta aina ambazo mizizi yake hutoa kemikali hiyo kwa uchache mno. Aina hizo zilipatikana. Tanzania nayo ilinufaika ilipoidhinisha mbegu za Hakika na Wahi mwaka 2002, na Dakta Ejeta akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009.

Ethiopia ilianzisha benki yake ya mbegu mjini Addis Ababa mwaka 1976. Njaa kuu ya mwaka 1984 ilipoingia, na wakulima wakalazimika kula hata mbegu, wataalamu wakiongozwa na Dakta Melaku Worede walipita vijijini kuokoa aina zilizosalia, ambazo baadaye zilirudishwa mashambani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mbegu, hata hivyo, hufa isipotunzwa. Hutaka ukavu na baridi, hupimwa uotaji wake, na hupandwa upya kila inapodhoofika. Hutaka pia nakala iwekwe mahali pengine. Sudan ilifaulu kuokoa sehemu ya hazina yake, na mwezi wa Februari mwaka 2025 aina kadhaa za mtama zilifikishwa katika ghala la dunia la Svalbard, nchini Norway.

Funzo hilo lawahusu wanajeshi na polisi kuliko wanavyodhani wengi. Askari anayepangiwa lindo katika kituo cha utafiti wa kilimo asidhani ametupwa pembeni. Daraja likivunjwa, wahandisi hulijenga tena. Aina ya mtama iliyopotea hakuna mhandisi awezaye kuirudisha. Jeshi hupigana likiwa limeshiba, na taifa hushiba kwa mbegu. Anayelilinda ghala hilo analinda chakula cha watoto ambao bado hawajazaliwa.