Tulivyoishi Korea, na Habari ya Nyumba ya Walimu

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Kamati imetuomba sisi wawili, mume na mke, tuseme habari za miaka mitatu tuliyofundisha Korea Kusini. Tumeambiwa tusirefushe maneno kwa sababu mnada wa mbuzi unasubiri. Tutajitahidi.

Kwanza tujibu swali ambalo tumeulizwa na kila mtu tangu turudi. Hapana, hatukufundisha Kiingereza. Viza ya kufundisha Kiingereza kule kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba tu, na kwa Afrika ni Afrika Kusini peke yake. Sisi tulifundisha Kiswahili. Wako Wakorea wanaokuja Afrika Mashariki kujitolea, kufanya biashara na kuhubiri, nao wanakihitaji. Kipo hata chuo kikuu, kile cha Hankuk cha lugha za kigeni, ambacho kina masomo ya Kiswahili. Yetu yalikuwa madarasa ya jioni, ya watu wazima wanaotoka kazini.

Sasa, Kikorea hakina sauti ya f. Panapotakiwa f, wao huweka p. Hakina z, huweka j. Na l na r kwao ni herufi moja. Juma la kwanza tu, baba mzima, suti na tai, alisimama akainamisha kichwa kwa heshima zote akasema: “Mwalimu, mimi ninapanya kaji benki.” Tuliangalia chini tusicheke. Mwingine, siku ambayo darasa lilipita saa mbili usiku, alinyoosha mkono akasema, “Walimu, nataka kura.” Tukamwambia tutamkumbuka uchaguzi ukifika. Maskini, alikuwa na njaa, na utani huo haukumshibisha.

Lakini tuwape haki yao. Maandishi yao, Hangul, yalitangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, na leo yana herufi za msingi 24. Kwa juma moja tulikuwa tunasoma mabango yote ya barabarani. Kujua yanasema nini kulichukua mwaka.

Karatasi zilitutesa zaidi ya lugha. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 lazima ajiandikishe apewe kadi. Bila kadi hupati laini ya simu ya mkataba kwa jina lako, na bila laini yenye jina lako shughuli nyingi za mtandaoni hazikutambui. Majina yetu ya Kipare, tukiunganisha la baba na la babu, ni treni ya mizigo. Fomu ya benki moja iliishiwa na visanduku kabla jina halijaisha, ikakata herufi nne za mwisho. Kwa miezi miwili kompyuta ilishikilia kwamba mwenye simu na mwenye akaunti ni watu wawili wasiojuana.

Tuje kwenye mlango. Nyumba nyingi kule hazina ufunguo. Kuna kitasa cha namba, unabonyeza, mlango unafunguka. Kitasa hicho kinatumia betri, na baridi haipatani na betri. Usiku mmoja wa Januari, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, tumetoka darasani na mifuko ya vitabu, kitasa kimekufa kabisa. Tulibonyeza mpaka vidole vikafa ganzi. Simu ya mwenye nyumba haikupokelewa. Ninyi mnaijua baridi ya huku kwetu mwezi wa saba, lakini ile ni nyingine. Ile inaingia mpaka kwenye meno.

Mlango wa jirani ukafunguka. Bibi mmoja mfupi, wa miaka themanini hivi, akatutazama, akatazama kitasa, hakusema kitu. Akavaa koti, akashuka ngazi. Tulidhani amekwenda kumwita mlinzi. Alirudi na betri ndogo ya mraba, ya volti 9, aliyoinunua dukani kwenye kona ambako hawafungi usiku. Akaigusisha kwenye vidoti viwili vya chuma vilivyoko chini ya kitasa, akaishikilia palepale, akatuonyesha kwa kidevu tubonyeze namba. Mlango ukalia, ukafunguka. Kumbe viliwekwa pale kwa ajili ya usiku kama ule. Pesa alikataa.

Kesho yake tulimpelekea kahawa yetu ya mlimani, tukimpa kwa mikono miwili. Hilo halikuhitaji kufundishwa. Kule nako kumpa mkubwa kitu kwa mkono mmoja ni utovu wa adabu. Swali lake la kwanza lilikuwa umri wetu. Kikorea hubadilika kufuatana na unayeongea naye, kwa hiyo lazima ajue nani mkubwa, kama sisi tunavyopima kabla ya kutoa shikamoo. Enzi hizo, kabla sheria haijabadilishwa Juni 2023, mtoto alikuwa akihesabiwa mwaka mmoja siku anayozaliwa, na kila Januari mosi watu wote wanaongeza mwaka. Mmoja wetu, mzaliwa wa Desemba, alizeeka miaka miwili akiwa amekaa kwenye mkeka. Hatutamtaja, ila amenuna hadi leo.

Bibi yule ndiye aliyetufundisha taka. Tangu 1995 Wakorea hulipia taka kwa kununua mifuko maalumu, na mfuko wa wilaya moja haukubaliki wilaya nyingine. Mabaki ya chakula yana chombo chake, ila mifupa si chakula, ganda la yai si chakula. Plastiki kule, karatasi huku, chupa pale. Alikuwa akisimama nasi kila tulipoteremsha taka, akichambua kwa mkono wake, akigombeza kidogo. Tuliwahi kufikiri kwamba serikali imemwajiri.

Kizazi cha bibi huyo kiliuona umaskini. Mwaka 1970, chini ya Rais Park Chung-hee, serikali yao iligawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, vijiji zaidi ya 33,000, wananchi waamue wenyewe wajenge nini cha manufaa ya wote. Awamu iliyofuata hawakupewa wote. Vijiji vilivyoitumia vizuri ndivyo vilivyoongezewa, mifuko 500 na tani moja ya nondo. Hatusemi tuige kila kitu; ule ulikuwa utawala wa amri, na wengi waliumia. Lakini sisi tuliokulia kwenye msaragambo, kubeba mawe tangu darasa la tatu, hesabu ile ya saruji tuliielewa mara moja.

Sasa tuseme kilichotuleta mbele yenu. Mikataba mingi ya walimu wa kigeni kule ina kipengele cha nyumba: mwajiri anatoa chumba au posho ya pango. Chumba chetu kilikuwa kidogo, ukinyoosha mguu unagusa jiko, lakini sakafu ilipashwa moto kwa chini na ukuta wa pili kulikuwa na bibi mwenye betri. Kwa sababu hiyo tulikaa miaka mitatu, si miezi mitatu.

Shule yetu ya kata imepata walimu wawili wa hisabati tangu turudi. Wote wawili vijana, kutoka mikoa ya joto, hawajui Kipare, hawajui njia. Wa kwanza alipanga chumba mwendo wa saa nzima kutoka shuleni, bati linavuja. Aliondoka kabla mvua za masika hazijaisha. Wa pili bado yupo. Analala kwenye stoo ya vitabu, na amekwisha kuandika barua ya uhamisho. Yeye mwenyewe ametuambia.

Msingi wa nyumba ya familia mbili umechimbwa. Mawe yapo, mchanga upo, vijana wa vitongoji vyote wamefanya kazi yao. Kinachokosekana ni saruji, bati na fundi. Kule Korea ukienda harusini unapita kwanza mezani, unatoa bahasha yenye jina lako, inaandikwa daftarini, ndipo unapewa kadi ya chakula. Tumemshauri mweka hazina, naye amekubali. Meza ile pale mlangoni, chini ya mti, ni yake. Sisi tumeanza na mifuko ishirini. Pilau iko nyuma ya meza.