Akiki: Kito cha Kinga na Vumbi Lake

Msikilizaji, pete ya fedha yenye kito cha akiki ni pambo linaloheshimiwa kuanzia Yemen hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wapo wanaoivaa kwa kufuata mapokeo ya dini, na wapo wanaoamini kuwa humkinga mvaaji na jicho la husuda.

Mji wa Khambhat, katika jimbo la Gujarat nchini India, umechonga akiki kwa karne nyingi. Shanga nyekundu za jiwe hilo zimefukuliwa hata Kilwa, ushahidi wa biashara ya kale ya Bahari ya Hindi.

Mara nyingi akiki haitoki ardhini ikiwa na wekundu huo. Mawe yenye rangi ya kijivu au kahawia huanikwa juani, kisha huchomwa taratibu ndani ya vyungu. Joto hubadili chuma kilichomo, na wekundu hujitokeza. Fundi huliegemeza jiwe kwenye ncha ya chuma, akalichonga kwa nyundo ya pembe, ndipo lisagwe, litobolewe na kung'arishwa.

Hatari imo katika kusaga. Vumbi laini huingia mapafuni na kusababisha silikosisi, maradhi yasiyo na tiba. Kwa kuwa kazi nyingi hufanywa majumbani, hata mke na watoto wa fundi hulivuta. Kusaga kwa maji na kutumia mashine za kufyonza vumbi hupunguza madhara, lakini vifaa hivyo ni ghali, na ujira wa fundi ni mdogo.

Jiwe linaloaminiwa kumlinda mvaaji halijamlinda aliyelichonga. Anayeuliza bei ya pete, na aulize pia jiwe lake limesagwa vipi.