Barabara ya Thika na Mshahara Wetu



Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012, kilomita 50 hivi, nasi tuliifurahia. Lakini bei ya ardhi ilipanda kando yake, na kodi ya nyumba ikafuata. Basi tulihama Githurai tukaenda Ruiru, tukahama Ruiru tukaenda Juja. Kodi tuliyoikimbia sasa twamlipa makanga, na siku ya mvua hutuongezea.

Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri atupe nyumba ya kufaa au pesa za nyumba. Pesa hizo hazitoshi kutulaza karibu na kazi. Kwa hiyo katika mapatano yajayo tudai na nauli. Kila mmoja aandike nauli yake ya mwezi mzima, aipeleke tawini. Mwajiri hujibu hesabu, hajibu manung'uniko.