Bahasha za Tito Zungu



Nimekuja na habari ya bahasha. Bahasha ya kawaida ya kutilia barua, iliyochorwa kwa peni na Tito Zungu, mwana wa Mapumulo aliyetumika katika nyumba za watu hapa Durban. Darasa la uchoraji hakulikalia. Wateja wake wa mwanzo walikuwa watumishi na vibarua wenzake, waliokuja mjini kutafuta riziki huku sheria za ubaguzi zikiwazuia kuleta wake na watoto. Barua ndiyo iliyosafiri kwa niaba yao, na Zungu aliivisha nguo ya kutokea: ndege, meli, majumba ya ghorofa.

Ndege hizo zimesifiwa sana. Mimi nimenaswa na rangi. Peni ni kaidi: wino wake hauchanganywi sahanini, hauzimuliwi kwa maji, na mstari ukishapita umepita. Mwenye rangi za mafuta akitaka zambarau hukoroga nyekundu na buluu. Mwenye peni hulaza uzi mwekundu, ubavuni pake uzi wa buluu, akarudia tena na tena kwa subira ya mtunga shanga, mpaka zambarau izaliwe katika jicho la mtazamaji. Isogelee ndege ya Zungu kwa shubiri moja, ndege yenyewe itatoweka. Hubaki mistari inayosukumana na kupokezana mwanga. Hapo, nasema bila kusita, tumo ndani ya sanaa dhahania.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo khanga, yenye pindo, mji na jina. Rangi na maneno hutumwa pamoja kwa mtu mmoja anayejulikana. Naiona bahasha hii kuwa ndugu yake. Na mchoraji Edward Saidi Tingatinga, pale Msasani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, alipochukua rangi ya baiskeli na ubao wa dari, alisomeshwa na vitu vya namna ile ile: vya dukani, vya bei ndogo, visivyokubali kila unachotaka. Rangi ya baiskeli ilimpa mng'ao. Peni ilimpa Zungu utulivu.

Kituo cha African Art Centre cha mjini hapa kilimpatia wanunuzi wengine, na mwaka 1993 kazi zake zikafika kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Alifariki mwaka 2000. Zilizomo katika majumba ya sanaa lazima zikae penye mwanga hafifu, kwani wino wa peni huliwa na jua, na ukishafifia hakuna fundi wa kuurudisha.

Ninazoziwaza zaidi ni zile zilizopigwa mhuri wa posta, zikafika kijijini, zikachanwa mdomo na mkono uliokuwa na hamu ya kilichomo ndani.